Simikeni miti ya nyanya siku ile ile mnayopandikiza miche

Mhariri,

Kurasa za kilimo za magazeti yetu zimefanya kazi nzuri ya kuhimiza watu walime mboga nyumbani, na sisi tunaolima bustani tunaziunga mkono. Lakini makala ya nyanya, matango au maharage ya kupanda ikifika kwenye suala la kuegemeza mmea, mara nyingi mwandishi humaliza kwa maneno matatu: "kisha weka miti." Miti gani, ya urefu gani, iingie ardhini kiasi gani, lini, na ifungwe kwa kitu gani, hasemi. Msomaji anachomeka vijiti alivyookota nyuma ya nyumba, na masika yakikolea bustani nzima inalala chini nyanya zikiwa bado za kijani. Lawama zote zinakwenda kwa upepo. Tunaomba nafasi tuandike vile vipimo ambavyo makala zinaviruka.

Tuanze na siku yenyewe ya kusimika, kwa sababu hapo ndipo hasara nyingi zinapoanzia. Mti uingie ardhini siku ile ile ya kupandikiza, na ikiwezekana kabla mche haujatiwa shimoni. Wengi husubiri mpaka nyanya ianze kuinama, kama wiki ya nne au ya tano, ndipo wanahangaika kutafuta fito. Wakati huo mizizi imekwisha kutambaa sentimita 30 au zaidi kila upande, na mti wenye ncha ukigongwa karibu na shina unaikatakata. Jeraha la mzizi ni njia ya kupitia mnyauko bakteria, ugonjwa usio na dawa ya kuuponya: mmea unanyauka juani ukiwa bado wa kijani, jioni unaonekana kama umepata nafuu, na siku chache baadaye umekufa. Kama umechelewa, usigonge mti karibu. Usimike sentimita 25 hadi 30 kutoka shinani, ukubali kutumia kamba ndefu zaidi. Aliyesimika mapema anauweka sentimita 10 kutoka kwenye mche bila kuumiza chochote.

Kabla ya kukata mti wowote, jua mmea wako unashikaje. Nyanya haijui kupanda. Haina vikono wala haijizungushi, kwa hiyo usipoifunga itaanguka hata ukiizungushia msitu wa miti. Tango hushika kwa vikono vyembamba ambavyo haviwezi kukumbatia kitu kinene kuliko penseli, ndiyo maana tango lililopewa nguzo moja nene hutambaa chini huku nguzo imesimama pembeni. Maharage ya kupanda hujizungusha kwa shina lenyewe, nayo yanahitaji mti wenye ukwaru. Kwenye bomba laini la chuma huteremka mvua ikinyesha.

Kwenye nyanya kuna tofauti nyingine. Aina fupi kama Cal J na Roma VF hufika urefu fulani zikatulia na kuzaa kwa pamoja. Hizi kiangazi zinaweza kulala juu ya nyasi kavu zilizotandazwa vizuri, na masika zikasimama kwa mti wa mita 1 tu. Aina ndefu kama Money Maker na Anna F1 huendelea kurefuka muda wote zikiwa hai. Kumpa mkulima wa Cal J na mkulima wa Anna ushauri mmoja ni kumpotosha mmoja wao.

Kwa aina ndefu, mti wa peke yake uwe na mita 2. Kanuni yetu ni kwamba robo ya mti iwe ardhini: sentimita 50 chini, mita 1 na nusu juu. Kwenye mchanga wa pwani robo haitoshi. Zika theluthi, kama sentimita 65, na ukandamize mawe au vipande vya matofali kuzunguka tako la mti. Udongo mweusi wa mfinyanzi una tabia yake: unashika sana ukiwa na unyevu, lakini ukikauka unapasuka na kuuacha mti ukicheza ndani ya ufa, basi kila baada ya kipindi cha jua pita ukandamize upya. Kuhusu unene, mpini wa ufagio ni mwembamba mno kwa mti wa peke yake. Tafuta unene wa mpini wa jembe, sentimita 3 hadi 4, na upande mnene ndio uende chini.

Usiugonge mti kichwani mpaka uzame. Utapasuka, na ufa huo ndio maji yatakamoingilia. Toboa kwanza kwa mtaimbo hadi kina unachotaka, uuzungushe kupanua tundu, tumbukiza mti, kisha rudisha udongo kidogo kidogo ukishindilia na kumwagia maji. Usukume kwa mkono mmoja. Ukitikisika sasa bila mzigo, hautabeba kitu wakati wa mavuno.

Upande wa kusimika nao una sababu. Mti ukae upande upepo unakotokea, ili mmea usukumwe mbali na mti na kamba ndiyo iushike. Ukiuweka upande wa pili, shina linasukumwa juu ya mti na kusuguliwa usiku kucha mpaka ganda linachunika. Pwani, kusi hutoka kusini na kusini-mashariki, kwa hiyo mti ukae kusini mwa mche. Kaskazi ni kinyume chake. Angalia upepo utakaokuwa unavuma nyanya zitakapokuwa zimebeba, usiangalie wa siku ya kupanda.

Sasa miti yenyewe. Fito mbichi yenye ganda ni chakula cha mchwa na makazi ya ukungu. Ichune ganda lote, iache ikauke kivulini wiki tatu au nne, ndipo uichonge ncha. Kukausha kuna faida ya pili: matawi ya mlonge, mfurusadi na gliricidia yakichomekwa mabichi huota. Baada ya miezi miwili una mti wenye majani na mizizi unaogombania maji na mbolea na nyanya yako. Mashina ya muhogo yana tabia hiyo hiyo.

Wengi huuliza kuhusu oili chafu ya magari kuzuia mchwa. Tafadhali, kwenye bustani ya mboga msiitumie. Ina mabaki ya metali na kemikali za injini, na mvua huishusha kwenye udongo ule ule unaolisha familia. Kuunguza tako la mti kwenye moto mpaka liwe jeusi husaidia kiasi, lakini ule weusi ni wa juu juu. Mchwa wakipata ufa wanaingia. Njia ya uhakika zaidi kwa bustani ndogo ni kuchagua mti uliokomaa wenye kiini kigumu badala ya mchipuko mchanga uliojaa maji, na kung'oa miti yote baada ya mavuno. Mti unaokaa ardhini miezi minne kisha ukapumzishwa pakavu hudumu misimu mingi kuliko ule unaoachwa mwaka mzima.

Mianzi ni bora kama unaipata, na watu wa Njombe, Iringa na Mbeya wanaipata. Usikate mwanzi wa mwaka huu, ule laini wenye magamba bado. Ukikauka hukunjamana na kupasuka. Kata uliofikisha miaka mitatu. Msumeno upite juu kidogo tu ya fundo, ili mwisho wa juu uwe umezibwa, la sivyo mvua hujaa ndani na kuoza kunaanzia hapo. Ulaze kwenye maji wiki mbili hadi nne kabla ya kuukausha. Maji hutoa sukari inayowavuta wale wadudu wanaotoboa na kuacha unga wa njano.

Ukiwa na mche mmoja mmoja uani, mti wa peke yake unatosha. Ukiwa na mstari, kufuma kamba ni nafuu na kunafanya kazi haraka. Chukua mstari wa mita 6 wenye miche 12 kwa nafasi ya sentimita 50, mche wa kwanza ukiwa sentimita 25 kutoka mwisho. Unahitaji nguzo 2 za mwisho zenye kipenyo cha sentimita 8 hadi 10 na urefu wa mita 2.1, na fito 5 za katikati, moja kila mita 1, hivyo kati ya fito na fito kunakuwa na miche miwili. Nguzo za mwisho zizame sentimita 60.

Miche ikifika sentimita 30 hadi 40, funga kamba kwenye nguzo ya kwanza, sentimita 25 kutoka ardhini. Ipitishe upande mmoja wa miche miwili, izungushe fito mara moja huku ukiivuta ikaze, endelea hadi nguzo ya mwisho, izungushe mara mbili, kisha rudi upande wa pili wa miche kwa namna ile ile. Miche inabanwa katikati ya kamba mbili bila kufungwa hata fundo moja. Kila mimea inapopanda sentimita 20 ongeza mstari mwingine. Kwa kipindi cha mvua na mbolea nzuri hiyo ni kama kila wiki au siku 10, na usisubiri ianguke ndipo ufume. Shina lililolala siku mbili limekwisha kupinda kichwa kulifuata jua na ukiliinua linavunjika.

Kamba ihesabiwe kabla ya kwenda dukani. Kwenda na kurudi ni mita 12, mizunguko kwenye fito na nguzo inakula mita 2 na nusu, jumla mita 14.5 kwa mstari mmoja wa kamba. Mistari sita inahitaji karibu mita 90. Aliyenunua mita 50 ataishia njiani na kuunganisha kwa mafundo, na mafundo ndiyo yanayoteleza.

Kinachoangusha mfumo huu mara nyingi ni nguzo za mwisho. Miche 12, kila mmoja na kilo 3 za matunda, ni kilo 36, na hapo hujahesabu majani yaliyolowa. Uzito huo wote unageuka kuwa mvuto wa kamba unaozivuta nguzo mbili kuelekea katikati. Nguzo ikisogea sentimita chache tu, kamba zote za mstari zinalegea kwa pamoja. Kwa hiyo kila nguzo ipewe mwega: mti wa mshazari unaoanzia theluthi mbili ya urefu wa nguzo na kushuka kwa pembe ya kama digrii 45, mguu wake ukikaa juu ya jiwe bapa na kuzuiwa na kigingi. Hapa watu hukosea upande. Mwega hukaa ndani ya mstari, ili nguzo ikivutwa iugandamize. Ukiwekwa nje, nguzo ikivutwa mwega unaachwa nyuma na kuanguka. Ukitaka kitu cha nje basi kiwe waya uliofungwa kwenye kigingi kilichozama sentimita 50, kwa kuwa waya kazi yake ni kuvuta. Mstari ukizidi mita 10 weka nguzo nene nyingine katikati.

Na mstari uelekee upepo unakokwenda. Ukiuweka kwa kukingama, ukuta wa majani unapokea upepo wote. Vitabu vingi vya nchi za baridi vinasisitiza mistari iende kaskazini na kusini kwa ajili ya jua. Kwetu jua linapita karibu na utosi muda mwingi wa mwaka, na sisi tunaona upepo upewe haki ya kwanza.

Kuhusu kamba. Katani ni nzuri na inashika bila kuteleza, lakini ikilowa hujikaza na ikikauka hulegea, kwa hiyo ifunge ikiwa kavu. Ukiikaza ikiwa imelowa, jua la kwanza litakuachia kamba inayoning'inia. Isiguse ardhi, inaoza. Kamba ya manila, ile ya plastiki, haiozi, inafaa kwa kufuma na kwa chanja, ila ile nyembamba hukata shina, na jua likiipiga msimu mzima huanza kumeguka vipande vinavyobaki shambani miaka mingi. Kufungia shina lenyewe hakuna kinachoshinda vipande vya nguo kuukuu vyenye upana wa sentimita 2, au mipira ya tyubu la baiskeli, au maganda makavu ya mgomba yaliyoloweshwa nusu saa yakalainika. Waya wa kufungia nondo usiguse shina kamwe. Shina la nyanya hunenepa karibu maradufu baada ya kufungwa, na waya hautanuki.

Kufunga nako kuna namna. Kaza kamba kwanza kwenye mti kwa fundo lisiloteremka. Zipishanishe ncha mbili kati ya mti na mmea, kisha zungusha shina na ufunge, umbo likiwa la tarakimu 8. Ule mpishano wa katikati ndio unaozuia shina lisisuguane na mti. Kati ya kamba na shina kipite kidole kimoja kwa urahisi. Funga chini kidogo ya kikonyo cha jani, ambapo kamba haiwezi kuteremka. Usifunge chini ya kishada cha maua, kwa sababu kikivimba kwa matunda kamba itakikata. Fanya kazi hii alasiri. Asubuhi shina limejaa maji na linakatika kwa sauti ukilipinda kidogo; alasiri limelegea na linakubali. Majani yakiwa na umande au mvua, usiguse kabisa. Mikono inasambaza ugonjwa wa bakajani na bakteria kutoka mche hadi mche. Anayevuta sigara anawe kwa sabuni kwanza, maana tumbaku hubeba virusi vinavyoshambulia nyanya.

Kila unapopita kufunga, vunja kwa vidole vichipukizi vinavyotoka kwapani mwa majani vikiwa na sentimita 5 au pungufu, kwa aina ndefu tu. Kwenye Cal J ukifanya hivyo unajipunguzia mavuno. Majani yanayogusa ardhi yaondolewe, maana matone ya mvua hurusha vijidudu vya udongo juu yake. Hapo ndipo faida halisi ya kusimika inapoonekana: hewa inapita, majani yanakauka mapema, na upande wa chini wa jani unaonekana, hivyo mahandaki ya kantangaze, kiwavi anayetoboa ndani ya jani, unayakuta yakiwa machache. Kusimika hakutibu bakajani masika yakiwa makali, ila hata dawa unayopuliza inafika inakotakiwa.

Kwa matango tunapendekeza umbo la paa: fito mbili za mita 2 zikutanishwe juu, miguu ikiachana mita 1 na robo, kila mita 1 na nusu uweke jozi nyingine, na ufito mmoja ulale juu kuziunganisha. Shusha kamba kila sentimita 20 na nyingine zikatize. Tango linaning'inia ndani ya paa, kivulini, linanyooka na halichomwi na jua. Lichume kila baada ya siku mbili. Likizeeka kwenye kamba ni uzito tu.

Maharage ya kupanda, yale yanayolimwa Kagera, Kigoma, Rwanda na Burundi, yanafika mita 2 hadi 3. Fito tatu za mita 2.4 zifungwe pamoja sentimita 20 kutoka juu, miguu iachane sentimita 70, na mbegu 3 kila mguu. Mche ukipotea njia na unataka kuusaidia, uzungushe kinyume cha mshale wa saa ukitazama kutoka juu, maana ndivyo unavyojizungusha wenyewe. Ukiuzungusha vingine, kesho utaukuta umejifungua.

Wanaojenga nyumba wana hazina kwenye mabaki ya nyavu za chuma za BRC zenye matundu ya sentimita 20. Kipande cha urefu wa mita 1.6 kikikunjwa na kupishana sentimita 10 kinatoa tundu la mviringo kama kizimba, lenye kipenyo cha karibu sentimita 48, mkono unapita kuchuma, na nyanya moja inasimama ndani yake bila kufungwa. Kata waya wa mlalo wa chini kabisa ili zile ncha za wima zizame, na bado uligongee vigingi viwili pembeni, kwa sababu ncha hizo peke yake hazihimili upepo. Waya wa kuku haufai kwa kazi hii: tunda dogo hupenya kwenye tundu, likinenepa halitoki tena.

Kuna jambo linalotusikitisha. Kwenye miteremko ya Uluguru na Usambara fito za nyanya zinatoka kwenye miti michanga ya asili, na pwani wapo wanaotumia fito za mikoko. Kukata mikoko bila kibali ni kosa kisheria, na kukata miche ya msitu kwa ajili ya msimu mmoja wa mboga ni hasara ambayo kijiji kizima kinailipa kwa maji. Matawi ya mgrevilea yanayopogolewa kila mwaka yananyooka vya kutosha. Matete yanafaa kwa maharage. Mashina ya mbaazi baada ya mavuno yanabeba matango madogo kwa msimu mmoja. Mashina ya mahindi tunayataja ili tuyakatae: yanaoza chini kabla maharage hayajamaliza kuzaa.

Miti ikitunzwa, haja ya kukata mingine inapungua. Ikwangue udongo wote, iloweshe dakika 30 kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 ya dawa kwa 9 za maji, kisha ianikwe juani wiki nzima. Ile iliyosimama kwenye mche uliokufa kwa mnyauko bakteria ichomwe, kwa kuwa dawa haifiki ndani ya nyufa. Iliyobaki ihifadhiwe chini ya paa, ikiwa imeinuliwa juu ya mawe.

Tunaomba, Mhariri, makala yenu ijayo ya nyanya ichapishe angalau urefu, unene na kina cha mti, pamoja na siku ya kuusimika.

Wakulima wa bustani,
Morogoro